Vidude vya Kutosikia

Kuna mzee mmoja aliniuliza kama nina watoto niliowatelekeza huko nje, na mimi nikamjibu kwa tabasamu pana, "Kabisa, mzee wangu."

Sina mtoto. Sina hata paka.

Akaniuliza kama nakunywa pombe. Nikamwambia, "Hapo umesema."

Akaniuliza nikioa nitaishi vipi na mke wangu. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikamwambia, "Dunia hii, bwana."

Mzee huyo alikuwa baba wa mwanamke ninayetaka kumuoa.

Kaa mkao wa kula, nikusimulie jinsi mtu mzima na akili zake anavyoweza kujichimbia shimo kwa mdomo wake mwenyewe, tena huku akifurahia kipindi masikioni mwake.

Mimi ni kinyozi. Saluni yetu ina viti viwili. Kimoja changu, kingine cha mwenzangu tunayemwita Spika, kwa sababu ukimpa salamu anakurudishia taarifa ya habari. Ukuta wa kulia tumepakana na fundi wa kuchomelea mageti. Huyo akiwasha grainda yake ya kukatia chuma, vioo vyetu vinatetemeka na mteja anashika kiti kwa mikono miwili. Kwa hiyo upande mmoja chuma, upande mwingine Spika, katikati mimi na kichwa cha mtu.

Ndipo nikaziona dukani. Erfoni ndogo, hazina waya, kila moja ukubwa wa harage, zinalala kwenye kikasha kinachoingia mfuko wa shati.

Muuzaji akaniambia, "Hizi zinafuta kelele."

Nikacheka. Akanivalisha, akagusa kwa kidole, na barabara nzima ikanyamaza. Mbele yangu kulikuwa na mtu anagonga bati kwa nyundo, naiona nyundo inapanda na kushuka, sauti hakuna.

Nilitaka kulia. Nilijinyima mengi nikazinunua.

Siku zile za mwanzo nilikuwa mtu asiyevumilika. Kila mteja alipewa somo kabla hajafungwa kitambaa shingoni. Kwamba chaji yake inakaa karibu siku nzima ya kazi. Kwamba zikichoka unazirudisha kwenye kikasha, zinajichaji humo humo, na kikasha chenyewe unakichomeka kwenye umeme ukienda kulala. Gusa mara moja, wimbo unasimama. Gusa mara mbili, unaruka. Ukishikilia kidole kwa muda, zinaacha kufuta kelele na kuanza kuingiza sauti za nje, tena kubwa kuliko zilivyo.

Hiyo ya mwisho sikuwahi kuitumia. Nilikuwa nimenunua ukimya, sauti za nje za nini tena?

Tatizo ni kwamba kinyozi nusu ya kazi yake ni kunyoa, nusu ni kusikiliza. Watu hawaji na nywele tu. Wanakuja na mke aliyenuna, bosi mkorofi, timu iliyofungwa. Ukiwakalia kimya wanahamia kiti cha Spika.

Basi nikabuni mbinu, na niliiona ya akili sana.

Nilikuwa naangalia taya la mteja kwenye kioo. Likicheza, naendelea kunyoa. Likitulia, natupa jibu. Majibu yangu yalikuwa matatu tu: "Kabisa," "Hapo umesema," na "Dunia hii, bwana." Ukiyachanganya vizuri, unaweza kuzungumza na mtu yeyote kuhusu jambo lolote mpaka nywele ziishe. Nilinyoa watu wengi kwa mbinu hiyo, na waliondoka wakinishukuru kwa ushauri.

Na kama bado hujanicheka, ngoja nikuambie nilichokuwa nasikiliza humo masikioni. Kilikuwa kipindi cha biashara. Kinafundisha jinsi ya kumsikiliza mteja.

Mchumba wangu anafanya kazi duka la dawa. Ni mwanamke wa maneno machache. Akiamua kukuambia jambo, ujue amelifikiria tangu asubuhi. Nilikuwa nampenda, na bado nampenda, kiasi kwamba nikisikia viatu vyake nje nilikuwa nasahau upande gani wa kichwa nimeshanyoa. Hiyo ni kabla sijaacha kusikia viatu.

Jumanne moja alipita saluni akitoka kazini. Nilikuwa na mteja kitini na vidude masikioni. Akaegemea mlango, akaanza kuongea. Aliongea kwa kirefu, uso umekuwa mzito kidogo, mara anashika hereni yake ya kulia, mara anatazama chini.

Mimi namtazama taya.

Likatulia.

"Sawa mpenzi," nikasema. "Hapo umesema."

Akanitazama kidogo, akatabasamu, akaenda zake. Nikajiambia, lile ni tabasamu la mwanamke aliyepata mwanamume anayemwelewa.

Haikupita siku, akaingia mzee mmoja mwembamba, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mistari inaonekana, na lenzi ndogo ya fundi saa inaning'inia shingoni kwa uzi. Mchumba wangu alishaniambia zamani, enzi nasikia, kwamba baba yake anatengeneza saa. Mtu mwenye akili angejumlisha. Mimi nilikuwa nimefika sehemu nzuri ya kipindi, mahali wanapoeleza umuhimu wa kumtazama mteja machoni.

Nikamfunga kitambaa. Nikawasha mashine. Ng'ambo ya ukuta grainda ikaanza, nadhani, maana kioo kilitetemeka.

Mzee akaongea. Taya likatulia. "Kabisa, mzee wangu."

Akaongea tena. "Hapo umesema."

Akaongea zaidi, kwa upole, akinitazama kwenye kioo. "Dunia hii, bwana."

Tulikwenda hivyo mpaka nikampaka poda. Akasimama, akajitazama kushoto na kulia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akatoka. Nikaona nimepata mteja wa kudumu.

Nilipogeuka, Spika alikuwa amesimama na brashi mkononi, mdomo wazi, hasemi kitu. Sijawahi kumwona hivyo. Nikavua vidude.

"Umemjua yule?" akaniuliza.

"Mteja."

"Amejitambulisha alipokaa. Ni baba yake mchumba wako. Amesema amekuja kukuona kwa macho yake kabla hajatoa neno."

Nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe cha kunyolea.

"Nimemwambia nini?"

Spika akavuta stuli. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yake. Akanisimulia swali kwa swali, jibu kwa jibu, kwa sauti ya mzee na sauti yangu. Watoto wa nje, kabisa. Pombe, hapo umesema. Kuishi na mke, dunia hii bwana. Akaongeza kwamba mzee aliniuliza kama nina hasira za kupiga watu, nikamjibu kabisa, tena nikicheka.

"Na wewe umekaa tu unaangalia?"

"Nimekuita mara kibao. Nimekurushia mpaka taulo. Umelikunja ukaliweka kabatini."

Kweli, nililikumbuka lile taulo.

Jioni mchumba wangu akapiga simu. Nilipokea nikiwa nimesimama wima, kama mtu anayesomewa hukumu.

"Baba amerudi," akasema. "Amekupenda sana. Anasema wewe ni kijana msikivu."

"Msikivu?"

"Ndiyo alivyosema. Jumamosi mchana uje nyumbani akupe jibu."

Nikampelekea Spika habari hiyo nikidhani atanipa moyo. Akatikisa kichwa. "Wazee wa namna hiyo hawagombani saluni," akasema. "Wanakusifia ili uje kwao, halafu wanafunga geti."

Wiki ile nilikuwa kituko. Nilishinda na vidude masikioni kutwa nzima, si kwa sababu ya grainda tena, ila kwa sababu Spika alikuwa anamsimulia kila anayeingia. Nilivitumia mpaka vikawa vinazima, navirudisha kwenye kikasha kidogo, navaa tena. Nyumbani nilikuwa najilaza na kusahau hata kuchomeka kikasha. Nilikuwa nawaza jambo moja tu, kwamba huyu mwanamke nitamkosa, na nitamkosa kwa ujinga ambao siwezi hata kuueleza bila watu kucheka.

Jumamosi nikavaa shati jeupe nikaenda.

Mchumba wangu alinipokea mlangoni. Akanitazama usoni, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unakumbuka niliyokuambia?"

Sikujua anasema yapi. Lakini nilikuwa kwenye matatizo ya kutosha, sikutaka kuongeza jingine.

"Kila neno," nikasema.

Uso wake ukalainika. "Haya, ingia. Mimi na mama tuko jikoni."

Sebule ile imejaa saa. Za ukutani, za mezani, za kabatini, nyingine wazi na matumbo yao nje. Zote zinagonga. Ukiingia, masikio yanachukua muda kuzoea. Na moja, karibu na dirisha, ilikuwa mbovu, inagonga kwa kuchechemea, tik, halafu kimya, halafu tik-tik kwa pamoja. Nikajiuliza fundi mzima anavumiliaje ile saa. Mimi ilishaanza kunitoa jasho.

Mzee alikuwa amekaa katikati ya makelele hayo, mtulivu kabisa. Kulikuwa na viti viwili kando yake, kulia na kushoto. Nikachagua cha kushoto kwa sababu kilikuwa karibu na mlango. Mchumba wangu alichungulia, akaona nilipokaa, akasimama kidogo kama anataka kusema neno, akarudi jikoni.

"Shikamoo, baba."

"Karibu, karibu."

Nikaona heri nimalize mwenyewe kabla hajaanza. Nikainamisha kichwa nikamwaga yote. Kwamba siku ile sikusikia alichouliza. Kwamba sina mtoto nje, sinywi, sijawahi kupigana na mtu tangu shule, na huko pia aliyepigwa nilikuwa mimi. Kwamba nampenda binti yake na niko tayari kuulizwa upya maswali yote. Niliongea mpaka sauti ikakauka.

Nikanyamaza, nikasubiri radi.

"Ndiyo hivyo," akasema mzee kwa upole. "Tuombe uzima."

Nikainua macho. Alikuwa ananitazama, lakini si machoni.

Alikuwa anatazama taya langu.

Nikasema taratibu, kwa sauti ile ile ya heshima, "Mzee, nadhani kiti chako kimeshika moto."

Nikanyamaza.

"Vijana wa siku hizi," akasema, akitikisa kichwa.

Jamani. Mimi ni bingwa wa mchezo ule, na bingwa hakosi kumtambua mwenzake. Mzee alikuwa hasikii kitu. Hasikii saa zake, hasikii ile ya dirishani, hakusikia maungamo yangu hata neno. Na siku ile saluni, na grainda na mashine juu ya kichwa chake, hakusikia hata jibu moja. Tulikaa pale watu wazima wawili, kila mmoja anamsubiri mwenzake taya litulie.

Nilikuwa nimeokoka, halafu papo hapo nikaona aibu kwa kufurahi.

Mzee aliona uso wangu umebadilika. Nadhani alijua kwamba nimejua. Akatazama upande wa jikoni, akanisogelea, akaninong'oneza. Yaani yeye alidhani ananong'ona. Sauti ile ilifika jikoni na kuendelea hadi uani.

"Kijana, nina siri. Masikio yananiacha. Hapa nyumbani hakuna anayejua."

Jikoni vyombo vikanyamaza.

"Fundi saa asiyesikia saa," akaendelea kunong'ona kwa sauti ya mnadani, "nani atamletea kazi? Basi siku ile nimekaa kwako nikaona umevaa vile vidude, mchana kweupe, mbele za watu, huna hata aibu. Nikasema huyu kijana ni jasiri. Mimi nimeshindwa hata kwenda kwa daktari. Hebu niambie ukweli, vinasaidia?"

Hapo ndipo nilipojua nimependewa nini. Si uso, si kazi, si usikivu. Mzee aliniona mgonjwa mwenzake.

Ningeweza kusema ndiyo, ningetoka pale na mke. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema "kabisa", na naapa sijui nini kiliuzuia. Nadhani ni jinsi alivyokuwa amenitazama, kama mtu anayeomba maji.

Nikahamia kiti cha kulia kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na meza, nikainama sikioni kwake.

"Mzee, vile si vya kusikia. Ni vya kutosikia."

"Vya nini?"

"Vya kutosikia."

"Sema kwa nguvu."

Nikasema kwa nguvu. Nikasema mpaka nafikiri na majirani walipata. Nikamweleza kwamba masikio yangu ni mazima, kwamba vile vidude vinafuta kelele, na kwamba siku ile nilikuwa nimemfuta yeye.

Akanitazama sikio moja, akageuka akatazama la pili.

"Yaani una masikio mazima yote mawili," akasema, "ukaenda dukani kununua uziwi."

Majibu yangu yote matatu hayakufaa.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akafuta macho kwa kiganja. Na mimi nikacheka, kwa hofu zaidi kuliko furaha.

Ndipo nikakumbuka ile sehemu ambayo sikuwahi kuitumia. Nikatoa kikasha mfukoni, nikamvalisha vidude, nikashikilia kidole mpaka vikalia ule mlio wa kufungua sauti za nje.

Mzee akakakamaa.

Akageuza kichwa taratibu, akanyoosha kidole dirishani. "Ile inachechemea."

"Ndiyo, mzee."

"Imeanza lini?"

"Nimeikuta hivyo."

Akaendelea kusikiliza, macho yamefumbwa, anageuka kidogo kidogo kuelekea kila saa, midomo inacheza bila kutoa neno. Mama akaingia na sinia la chai. Akaweka kikombe mbele ya mumewe, na kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayesema kitu alichozoea kusema kila siku, akamwambia, "Haya kunywa, kiziwi wangu."

Mzee akafumbua macho. "Umeniitaje?"

Kijiko kikadondoka kwenye sinia. Nilimwona mama akimtazama mumewe, kisha masikio yake, kisha mimi.

"Unanisikia?"

"Nakusikia. Kumbe unajua?"

"Nimejua kabla yako," akasema mama. "Sote tunajua. Tulikuwa tunakungoja wewe utuambie. Nimekaa miaka naongea peke yangu humu ndani, nataka nikuambie..."

Vidude vikalia mlio mdogo. Naujua ule mlio kama ninavyolijua jina langu. Ni wa chaji kuisha.

"Endelea," akasema mzee. Mama alikuwa anaendelea. Midomo yake ilikuwa inacheza, na mzee anaitazama, na polepole akaelewa. Akavivua, akavishika kiganjani kama saa iliyosimama.

Nikafungua kikasha haraka. Kilikuwa kikavu kama mimi. Wiki nzima nimemkimbia Spika, chaji yote nimeitumia kutosikia watu wanavyonicheka, na sasa mtu aliyehitaji dakika chache za kusikia hakubakiziwa hata moja. Nimewahi kujisikia mjinga mara nyingi. Ile ilikuwa namba moja.

Mama hakuniangalia. Alizunguka upande wa kulia wa mumewe, akapiga magoti kwenye zulia, akaweka mdomo sikioni kwake, akamwambia alichokuwa anataka kumwambia. Mimi nikatoka nje kwa sababu hayakunihusu.

Baadaye mzee akaniita. Macho yake yalikuwa mekundu. Akasema anataka mimi ndiye nimpeleke kwa daktari wa masikio, si wanawe. Akasema mtu aliyekiri ujinga wake kwa sauti kubwa kiasi kile anaweza kukabidhiwa binti.

Nilitoka pale naelea. Mchumba wangu akanisindikiza hadi getini. Nikamwambia, "Baba amekubali."

"Nimesikia," akasema. "Kwa nini mwanzo ulikaa kushoto?"

"Kilikuwa karibu na mlango."

"Jumanne nilikuambia nini?"

Nikajifanya nakagua komeo la geti.

"Nilikuambia baba atapita saluni," akasema. Hakupandisha sauti. "Nilikuambia hasikii vizuri, sikio la kulia ndilo linasikia kidogo, uzime mashine uinamie upande huo. Nilikuambia hajui kama tunajua, tafadhali usimwaibishe. Sikuwahi kumwambia mtu wa nje jambo hilo. Nilifikiria siku nzima kazini nitakuambiaje."

Wiki nzima ya jasho. Hofu yote ile ilikuwa ya bure, na ugunduzi wangu wote mkubwa wa taya ulikuwa umeshaletwa mpaka mlangoni kwangu na mtu anayenipenda.

"Nikakujibu nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Sawa mpenzi, hapo umesema."

Nilitamani ardhi inimeze na shati langu jeupe.

"Baba amekubali," akasema. "Mimi bado."

Akafunga geti. Spika alikuwa sahihi kuhusu geti, isipokuwa alikosea upande nitakaokuwepo: nilibaki nje.

Vile vidude nilimpa fundi wa mageti, kwa kuwa yeye ndiye anayekaa na ile grainda mikononi. Mimi nikabaki na masikio yangu kama nilivyozaliwa nayo. Nikaanza kuwauliza wateja upya, mmoja mmoja, waliniambia nini kipindi kile. Wengine walinicheka. Mmoja, mtu mpole anayekuja kunyolewa ndevu tu, aliniambia alikuja kwangu siku aliyotoka kumzika mama yake. Nilikuwa nimemjibu "kabisa". Nilimwomba msamaha, akakaa tena kitini akanisimulia, na nikazima mashine mpaka akamaliza.

Mzee nilimpeleka kwa daktari. Akapewa mashine za kusikia, ndogo, za kuvaa nyuma ya sikio. Sasa anasikia kila kitu, na saa zinamjia mpaka anazikataa. Ila nimegundua jambo moja. Nikianza kueleza habari zangu pale sebuleni, naona mkono wake unapanda taratibu nyuma ya sikio, kunasikika kamlio, halafu anatabasamu na kuniambia, "Ndiyo hivyo." Mama anasema ananifanyia mimi peke yangu.

Na binti yake? Alininyima jibu kwa muda mrefu. Alikuwa anakuja saluni, anakaa kwenye benchi la wateja, anasoma zake, haongei. Sikumlazimisha. Nilikuwa nanyoa na kusikiliza.

Juzi alikuwa hapo. Grainda ikawaka ng'ambo ya ukuta, vioo vikatetemeka, Spika yuko katikati ya habari za kimataifa. Katikati ya makelele yale yote, bila kuinua kichwa, akasema lile neno moja nililolingoja tangu getini, kwa sauti ya chini kabisa.

Nikazima mashine. Mteja akageuka.

"Rudia," nikamwambia.

"Sirudii."

Nilikuwa nimesikia. Nilitaka tu alitamke tena.

Haya, yangu yameishia hapo. Ukitaka funzo, ni dogo, la kinyozi tu. Chaji ya vidude ukiimaliza leo, utaijaza kesho. Mtu akishachoka kukuambia, huna pa kumchomeka.

Na kama umesoma haya yote ukiwa umevaa vyako, hebu vivue kidogo. Inawezekana kuna mtu humo ndani anaongea na wewe tangu mwanzo wa simulizi hii.